Meli Iliyopigwa Msasa Upande Mmoja

Qurus,
8 Machi 1981

Mpendwa Dada Lusia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi unapata nafuu. Sisi huku tunaendelea. Mama kifua kinambana asubuhi lakini bado anaamka kukamua kabla yetu sote. Baba hajambo. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mvua zimeanza kugusagusa, tumepanda mahindi shamba la chini, na nguruwe pori wameshakuja kukagua kazi yetu.

Sijui kama naandika inavyotakiwa. Ni mara yangu ya kwanza kumwandikia mtu ambaye nyumbani hatajwi. Barua nitampa Hasani wa dukani, yeye atampa dereva wa lori la unga linalokwenda Endulen, na huko Mmasai yeyote wa Kakesio ataifikisha kwa Naishorua, huko ulikohifadhiwa. Hasani alipoona jina lako kwenye bahasha aliniangalia, kisha akaiweka chini ya mzani. Hakuuliza kitu. Nilimshukuru moyoni, mdomo ulikataa.

Nianze na langu. Nimerudishwa kutoka seminari. Sikufeli, Dada. Gombera, mkuu wetu, alisema Kiingereza changu kinawapita wote, ila mtu ambaye akisimama kusoma somo anatokwa jasho mpaka kitabu kinalowa, huyo atahubiri vipi? Aliniambia kwa upole, mkono begani. Afadhali angenifokea. Nilipofika nyumbani Baba aliangalia sanduku langu, akaliangalia tena, akaenda kwa ng'ombe.

Aliyeniokoa ni Fundi Piusi. Si unamkumbuka, msimamizi wangu wa kipaimara, mwenye karakana ya bodi za malori pale Karatu mjini, ambaye ulikuwa unawapelekea mafundi wake chai na maandazi mwaka jana. Yule Mzungu mzee wa kahawa kule Oldeani, zamani alikuwa baharia, amemwagiza meli ndogo ya mbao ya kuweka juu ya kabati. Amempa na kitabu cha michoro, chote Kiingereza. Basi Piusi akaja nyumbani akamwambia Baba, "Qamara, niazime huyu bubu wako. Mimi nina mikono, yeye ana Kiingereza." Baba alikubali palepale, nikashangaa. Dada, hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake kuja kuniomba mimi.

Tumeshachonga mkuku, ule mti wa chini unaobeba meli nzima, na juu yake tumesimamisha mbavu. Ukiigeuza kifudifudi inachekesha. Watu wakipita wanauliza, "Piusi, huo mzinga wa nyuki au hori la nguruwe?" Naye anawajibu, "Ni jeneza la mbwa wako. Mlete nimpime."

Sasa neno lenyewe. Shangazi Leonida alijipa moyo akamuuliza Baba kama kweli utajifungulia kwa watu. Baba akajibu kwa lugha yetu, polepole, kama anayesoma: msichana aliyeshika mimba bila ndoa hajifungulii kwenye boma la baba yake, wala hachoti maji kwenye chemchemi ya majirani. Mvua itakatika, ng'ombe watakufa, na hakuna atakayekanyaga kwetu. Padri anasema huo ni upagani. Baba humwitikia padri, kisha hurudi nyumbani. Lakini alisema na hili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu: mtoto akishazaliwa, mwanaume akijulikana na akaja na kondoo, boma litasafishwa nawe utarudi.

Ni jina moja tu, Dada. Niandikie mimi. Nitamwambia Baba, hata nikitokwa jasho.

Mdogo wako,
Hhando

---

Kakesio,
5 Aprili 1981

Mdogo wangu Hhando,

Milele amina. Barua yako imefika inanuka mafuta ya taa, nikajua imekaa kwa Hasani. Mimi ni mzima. Miguu imevimba, viatu vyangu sasa anavaa binti wa jirani anayechunga ndama, na vinamkaa vizuri kuliko vilivyonikaa mimi. Naishorua anakusalimu. Siku zile alipokuwa anakuja kwetu kubadilishana samli na mahindi ya Mama nilidhani ni mkali. Si mkali, ni kwamba hacheki bila sababu. Nilimsomea kipande cha jeneza la mbwa akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema mtu anayeunda chombo cha majini mahali pasipo na maji ni wa kuogopwa.

Nimejifunza kukandika nyumba kwa samadi. Usikunje uso. Ukuta ukikauka hauna harufu, harufu inabaki kwangu. Maji nachota kisimani pamoja na wote, na hakuna anayesogeza ndoo yake. Siku ya kwanza nilisubiri wamalize ndipo nisogee. Wakaniuliza naumwa nini.

Pole ya seminari. Huyo Gombera wako hajawahi kukusikia ukiwasomea mbuzi Injili kule bondeni. Mimi nimekusikia. Mbuzi walikuwa wametulia.

Kuhusu karakana: nenda. Jifunze kila anachokijua, na ukishakijua uondoke. Sentensi hii nimeifuta nikaiandika tena, kwa hiyo ishike kama ilivyo.

Kuhusu jina, sikuandikii. Usidhani sitaki kurudi. Nataka kurudi kuliko ninavyotaka kula, na sasa hivi, mdogo wangu, nakula kama nzige. Lakini hilo jina usiniulize.

Mfunike Mama kifua na lile shuka zito. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Dada yako,
Lusia

---

Qurus,
17 Mei 1981

Mpendwa Dada Lusia,

Salamu nyingi za upendo. Nisamehe kuchelewa, barabara ilikatika, lori la unga lilizama topeni kule mlimani na unga ukawa uji kabla ya kufika kwa wenyewe. Mama hajambo kidogo. Nilimfunika shuka, akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema hakuna. Akalivuta mpaka shingoni akageukia ukutani.

Dada, tumeiharibu meli.

Mbao za kuivisha zile mbavu tulizipasua nyembamba kama rula, za mti wa mpodo, tukazichemsha kwenye sufuria kubwa ya mke wa Fundi ili zikubali kupinda. Fundi akaanza upande mmoja, akaumaliza wote, toka juu mpaka kwenye mkuku. Ndivyo anavyofanya bodi za malori: unamaliza ubavu ulio karibu nawe, ndipo unageuza gari. Kitabu kilisema tofauti. Kilisema upige ubao mmoja huku na mwenzake kule, huku na kule, mpaka mwisho, la sivyo mbao zikikauka zitavuta. Nilikuwa nimekisoma. Lakini Fundi alikuwa anaimba, amefurahi, na mimi neno lilifika hapa kooni likakaa. Tulipokuja kuiangalia imekauka, mkuku wote umejikunja, pua inaangalia kwake na nyuma inaangalia kwake, kama ng'ombe anayejilamba ubavu.

Akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku nyingine niambie, hata kwa kunitupia jiwe."

Basi. Hakunipiga, hakunitukana. Tulimwagia maji ya moto tukabandua ubao mmoja mmoja, na nusu yake ikapasuka. Alipomaliza akanipa patasi yake mwenyewe, ile yenye mpini wa mti wa mloliondo, akasema niishike iwe yangu. Nilirudi Qurus nayo mfukoni, nimeishika njia nzima. Dada, Mungu anisamehe, niliwaza natamani Baba angekuwa kama yeye.

Yeye peke yake ndiye anayekutaja. Aliniuliza hali yako. Nikamwambia uko Kakesio kwa rafiki wa Mama na unasubiri mwezi wa sita. Akaendelea kuchonga.

Nami najaribu kutafuta jina mwenyewe, kwa kuwa hutaki kunipa. Nilimshuku yule mwalimu mgeni wa shule ya msingi, nikamchukia wiki nzima mpaka nikajua alihamia hapa baada ya wewe kuondoka. Kisha nikamchukia dereva wa watalii aliyekuwa anakupa lifti siku za mnada. Sasa nimeanza kumchukia mwimbishaji wa kwaya na sina sababu yoyote zaidi ya masharubu yake. Niokoe, Dada. Nitawamaliza wanaume wa Karatu wote bure.

Mwezi wa sita umekaribia. Kama hutaki kwa ajili yako, mtaje kwa ajili ya mtoto.

Mdogo wako,
Hhando

---

Kakesio,
28 Juni 1981

Mdogo wangu,

Salamu. Umekuwa mjomba. Ni msichana. Alikuja mchana kweupe, ng'ombe wako malishoni, na wanawake walijaa ndani mpaka nikakosa pa kunyoosha mguu. Naishorua alimpokea kwa mikono yake akampa jina Nalotuesha. La ubatizo bado. Ana nywele nyingi kama zako ulipozaliwa, nakumbuka, nilidhani Mama kazaa ngedere.

Niko salama. Kilichonishangaza ni kilio cha siku ile baada ya uzazi, si cha maumivu, nililia kwa sababu walinipa maziwa na mafuta na mimi nilikuwa nataka uji. Uji wa kawaida wa nyumbani, mwembamba, wenye moshi. Naishorua alitafuta unga siku nzima akanikorogea. Haukuwa wenyewe. Nilikunywa nikamsifu.

Huyo fundi wako usimwambie tena habari zangu. Akiuliza niko wapi, wewe si bubu? Uwe bubu. Na pale ulipoandika kwamba unatamani Baba angekuwa kama mtu fulani, niliikunja barua nikaiweka chini ya ngozi ya kulalia, ikakaa siku kadhaa kabla sijaimaliza.

Nakaa na Naishorua akilainisha vibuyu vya maziwa. Kimoja alidhani amekimaliza, nikamwambia aweke kitambaa juu, apitishe kiganja juu ya kitambaa, afumbe macho na mkono nao ufumbe macho, ndipo atasikia mabonde. Alicheka. Akajaribu. Akayasikia. Sasa kila kibuyu ananiita nikipime, nimekuwa mkaguzi.

Hhando, naomba umuulize Baba kitu, ukipata nafasi, akiwa ameshiba. Muulize kama mwanaume asipojulikana kabisa, kama msichana akaja tu na mtoto wake, akakaa kibanda cha kando, asiguse chombo wala chemchemi kwa muda wowote watakaopanga wazee. Kama hilo linawezekana. Nilikuwa nimeapa sitaomba. Mtoto akinyonya nalikumbuka jiko la Mama mpaka naona aibu mwenyewe.

Usimuulize akiwa na njaa.

Lusia

---

Qurus,
26 Julai 1981

Dada,

Salamu za nyumbani. Baridi imeshika na ukungu hauondoki mpaka saa tano. Mahindi yamekauka shambani tunavuna. Mama nilimwambia kwa siri kuhusu mtoto. Aliuliza, "Mzima?" nikasema mzima, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Baba nilimuuliza ameshiba. Alisema, "Bila mwanaume, hapana." Halafu akaniuliza meli imefika wapi.

Meli imefika kwenye msasa. Safari hii tumeivisha sawasawa, ubao huku, ubao kule, na imekaa imenyooka. Karatasi ya msasa haipo madukani, Karatu wala Arusha, kwa hiyo tunatumia majani ya mti wa msasa. Wanayaleta kutoka Mto wa Mbu, tunayakausha kidogo, yanakwaruza kama ulimi wa ndama. Unapiga kufuata uzi wa mbao, mbele nyuma, unapuliza, unapiga tena. Vidole vyangu havina alama tena, vimelainika navyo. Niliupiga upande wa kulia mpaka ukang'aa, nikamwita Fundi aone.

Akaja na kipande cha khanga kuukuu. Akakilaza juu ya ubavu wa meli, akashika mkono wangu akauweka juu yake, akasema, "Fumba macho. Na mkono nao ufumbe macho."

Dada, maneno hayo nilikuwa sijawahi kuyasikia kwa mtu duniani isipokuwa kwenye barua yako. Mimi sikukuandikia, ningeandikaje kitu ambacho sikukijua? Mkono wangu ulisimama. Akauliza, "Unasikia bonde?" Nikasema nasikia. Akasema, "Safi. Umeshakuwa fundi."

Nilirudi nyumbani nikazisoma barua zako zote upya. Usimwambie nilipo. Jifunze kisha uondoke. Nilipoandika kuhusu patasi ulinyamaza.

Sema nimekosea. Sitaki jina tena, sikuulizi jina. Andika tu "siyo", neno moja, nitalala.

Bado naenda karakana kwa sababu nisipokwenda Baba atauliza. Napiga msasa upande uleule wa kulia. Wa kushoto siwezi kuugusa. Anasema nitautoboa.

Hhando

---

Kakesio,
23 Agosti 1981

Hhando,

Mtoto ameanza kucheka. Nyasi zimekwisha, wanaume wanapeleka ng'ombe mbali.

Hukukosea.

Sasa nisikilize kama hujawahi kunisikiliza. Usimwambie Baba. Si kwa ajili ya fundi, yeye akipotea sasa hivi sitageuka kuangalia. Ni kwa ajili yako. Kuna jambo utalijua ukisema, na ukishalijua huwezi kulirudisha. Kaa kimya tu. Si kazi unayoiweza?

Nimekuumiza kwa sentensi hiyo ya mwisho. Ndiyo nia yangu.

Lusia

---

Qurus,
20 Septemba 1981

Dada Lusia,

Salamu. Mama anakohoa tena. Vumbi ni jingi. Nisamehe mwandiko.

Nimesema.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Baba, Mama yuko ndani. Nilisema kwa lugha yetu ili nisijifiche kwenye Kiswahili. Nikasema mtoto wa Lusia ni wa Piusi. Baba aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, akalitupa kwenye rundo, akachukua jingine.

"Nilijua kabla ya mama yako," akasema. "Piusi alikuja mwenyewe mwezi wa pili. Alipiga magoti pale ulipokaa."

Nikauliza, basi kondoo yuko wapi?

"Ana mke wa ndoa ya kanisa. Ana watoto. Siku ya kipaimara, mbele ya askofu, aliweka mkono begani kwako. Nikimtaja, boma lake linavunjika na langu halitengenezeki. Msichana alikuwa ameshakwenda. Nilibaki na mvulana, haongei, hatafaa popote. Nikamwambia: huyu utamchukua, utamfundisha, utamfanya mtu. Akakubali."

Nikasema, "Alinichukua kwa ajili ya Kiingereza."

Baba akaniangalia, na Dada, aliniangalia kwa huruma, hilo ndilo siwezi kulisahau. Akasema, "Yule Mzungu yuko Oldeani tangu sijaoa. Anajua Kiswahili kuliko mimi. Angeweza kumsomea kitabu chake mwenyewe."

Kumbe ndilo ulilotaka nisilijue. Kumbe ulikaa huko na miguu imevimba, unasoma habari za patasi na kuimba kwake, unaniambia nenda ukajifunze, ili mimi nisijue kwamba nafasi yangu ya karakana ndiyo bei yako.

Na lile neno la "mwanaume akijulikana"? Nilimuuliza. Akasema alimjibu hivyo Shangazi Leonida ili anyamaze.

Siku ya mnada nilikwenda karakana. Palijaa watu, Hasani alikuwepo anangoja kufungiwa rafu ya duka, na wenye malori, na wanawake wa maandazi. Jasho lilinitoka toka njiani. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Fundi Piusi, peleka kondoo kwa baba yangu ili Dada arudi. Mtoto ni wako, amezaliwa, ni msichana."

Mmoja nyuma akasema, "Kumbe huyu huongea!" Watu wakacheka. Ndivyo walivyofanya, Dada, walicheka, na si kwa ubaya, walicheka kama unavyomchekea mtoto aliyetembea. Fundi hakubadilika uso. Akasema, "Kijana ana malaria. Mpeni kiti." Wakaleta kiti. Nami nikakaa. Nilikaa! Mke wake alikuwa mlango wa pili ameshika ile sufuria yetu ya kuchemshia mbao, na uso wake haukushtuka hata kidogo. Hasani alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa anasikia habari mpya isipokuwa mimi niliyekuwa naisema.

Lakini limesemwa. Mbele ya watu wote wa mnada. Baba hawezi kusema hajulikani. Njoo Dada, njoo na mtoto, simama wakuone. Mimi nitakuwepo, nitakuja kukupokea barabarani, nitambeba mimi. Tangu juzi mwili unatetemeka, labda kweli nina malaria, lakini hadi ufike nitakuwa nimeamka.

Meli iko karakana. Mzungu ametuma mtu kuiulizia. Upande mmoja ni laini kama shavu, wa pili bado una matone ya gundi na mabonde. Fundi amemtuma mwanawe aniambie nafasi yangu ipo, nirudi nikipona. Nikaimalize au niiache? Niambie wewe. Mimi sina ninachokijua tena.

Hhando

---

Kakesio,
1 Novemba 1981

Mdogo wangu Hhando,

Salamu, na pole ya homa. Najua ilikuwa kali. Nitakuambia nilivyojua.

Nilikuja.

Barua yako ilinifikia, na kesho yake nikamfunga mtoto mgongoni. Naishorua hakunizuia, alinipa blanketi na kunisindikiza hadi kwenye lori. Nilishuka Karatu, nikapita nyuma ya maduka, nikashika njia ya Qurus. Nilikuwa najiambia, limesemwa, limesemwa, kila hatua. Nilikutana na watu wawili wa kwaya. Waliinama kufunga viatu ambavyo hawakuvaa.

Sikuvuka kijito. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba la chini, chini ya mabua, mahali wanaposimama watu wenye mwiko. Mbwa alinijua akaja akizunguka-zunguka. Baba alikuwa uani anatia mpini jembe. Aliinua uso akaniona, Hhando, tuliangaliana kama mtu na mtu. Akaweka jembe chini taratibu, akaingia kwa ng'ombe, na hakutoka tena. Kwa jirani nilisikia watoto wakiitwa ndani.

Nilikuwa nimegeuka niondoke Mama alipotoka. Alikuwa na kibuyu cha uji. Alikuja mpaka kwenye lile jiwe la mpakani, akakiweka juu yake, akarudi nyuma, akanipa mgongo. Akiwa hivyo akasema, kama anayeongea na mabua, "Hhando ana homa, amelala. Jana alikuwa anaita majina."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Mtoto ana nywele."

"Nyingi, Mama."

"Kunywa ungali moto."

Basi, ndiyo yote tuliyozungumza. Nilikunywa nimesimama. Mgongo wake ulikuwa unatikisika, labda ni kikohozi. Kibuyu nilikirudisha juu ya jiwe, nikijua hakitaingia tena jikoni, watakivunja. Nikamgeuza mtoto uso kule kwake, ili kama atageuka amwone. Sikungoja kujua kama aligeuka. Niliogopa kungoja.

Kwa hiyo usijilaumu kwa kulala. Hata ungeamka, ungesimama upande gani wa jiwe? Kwamba walicheka, wacheke. Kwamba ulikaa kwenye kiti, hata mimi ningekaa, miguu haina aibu. Ulisema mbele ya watu jambo ambalo Baba, na padri, na mimi mwenyewe hatukulisema. Halikufaa kitu. Ulisema lakini.

Unaniuliza umalize meli au uiache. Sijui, mdogo wangu. Sina hasira na mbao. Ukiimaliza haitakuwa dhambi kwangu, ukiiacha haitanirudisha. Hiyo mikono sasa ni yako, hata kama najua ilinunuliwa kwa bei gani.

Kakesio usiandike tena. Ng'ombe hawana majani, boma la Naishorua linahamia upande wa Loliondo, na sijui kama huko lori linafika. Mwanawe Sakaya ameniomba nibaki kwao na nimekubali. Ni mpole, na mtoto akilia humchukua bila kuangalia huku na huku. Nalotuesha atakuwa wa boma lao. Hatajua njia ya Qurus. Nimelia lililokuwa la kulia, sasa nafunga mizigo.

Nina ombi moja. Baba akienda kanisani, mwambie Mama hivi. Mwambie mtoto alinyonya mara mbili njiani, akalala mpaka Endulen, hakusumbua mtu. Na ule uji, Hhando, ulikuwa na sukari. Mwaka huu, ambao hata Hasani hana ya kutia kwenye chai yake! Sijui aliificha wapi, wala tangu lini, wala alijuaje kwamba nitakuja.

Mwambie sukari niliisikia.

Dada yako,
Lusia